Gurudumu Moja na Kilima cha Kadutu



Mji wetu wa Bukavu haukujengwa juu ya tambarare. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka ufukweni mitaa yetu huanza kupanda mara moja. Anayekaa Kadutu au Funu hulijua jambo hili kwa magoti yake kuliko kwa ramani. Tangu utotoni tumepanda kwenda shule, tumepanda na ndoo ya maji, tumepanda na mtoto mgongoni, tumepanda na jeneza mabegani. Ndiyo maana kwetu sisi kilima si mandhari ya kutazama. Kilima ni kazi.

Leo napenda kuwaandikia juu ya namna moja ya ajabu ya kupanda kilima, ambayo mimi mwenyewe nimeizoea kwa miaka 4 sasa, nami ni mtu mwenye mvi: kupanda juu ya baiskeli yenye gurudumu moja tu. Wengi wenu mmeniona, na wengine mmecheka. Sioni ubaya katika kicheko hicho, kwa maana mzee mwenye suruali ya kazini anayeyumbayumba juu ya gurudumu moja ni jambo la kuchekesha kweli. Lakini pale kilimani nimejifunza neno ambalo nisingalilipata kwa njia nyingine, na neno hilo halinihusu mimi peke yangu.

Niwaeleze kwanza chombo chenyewe. Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa kinga, alikikuta sokoni Kadutu katika lundo la vyuma vikuukuu vilivyotoka Ulaya. Mwuzaji alidhani ni nusu ya kinga iliyokatika, akamwuzia kwa bei ya chuma chakavu. Mpwa wangu alitaka spoki na tairi tu. Alipokileta nyumbani nilikigeuzageuza kwa muda, kisha nikamwambia asikivunje, kwa kuwa hakikukatika popote. Kilikuwa kizima: gurudumu moja, uma mmoja, kiti kimoja na pedali mbili. Hakikuwa na mnyororo, wala usukani, wala breki.

“Mjomba,” aliniuliza, “sasa mtu hushikilia nini?”

Nilimjibu kwamba nadhani hakuna cha kushikilia, na hapo ndipo hamu ilipoanza.

Katika kinga ya kawaida, pedali huvuta mnyororo, na mnyororo huzungusha gurudumu la nyuma. Ukiacha kukanyaga, gurudumu huendelea kuzunguka lenyewe, nawe hupumzika. Katika chombo hiki, mikono ya pedali imefungwa moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja. Miguu ikisimama, gurudumu husimama. Gurudumu likirudi nyuma, miguu nayo hurudishwa nyuma. Chombo hiki ni jamaa wa zile baiskeli za kale za Ulaya, za miaka ya 1870 na 1880, zilizokuwa na gurudumu kubwa mbele na pedali zilizofungwa papo hapo katikati yake. Katika nchi ya Japani watoto wa shule nyingi za msingi hukiendesha uwanjani kama wetu wanavyoruka kamba. Tangu mwaka 1984 pana mashindano yake ya dunia, na siku hizi mojawapo ya mbio zake ni mbio za kupanda mlima. Kwa hiyo upuuzi wangu, kama ni upuuzi, una wenzake wengi.

Nilijifunza kando ya ukuta wa shule, saa za jioni, wanafunzi wakishaondoka. Mkono wa kushoto ukutani, macho mbele, mgongo wima. Jambo la kwanza ambalo mwili hukataa kulisadiki ni kwamba uzito unapaswa kukaa juu ya kiti, si juu ya pedali. Mtu mwenye hofu husimama juu ya pedali, na akisimama tu, chombo humtoka chini ya miguu. Jambo la pili ni kwamba huwezi kusawazika kwanza ndipo uende. Usawa wenyewe hutokana na kwenda. Ukiona unaanguka mbele, unakanyaga haraka kidogo ili gurudumu likuwahi chini. Ukiona unaanguka nyuma, unazuia kidogo. Kwa hiyo anayekiendesha anaanguka wakati wote, na wakati wote anajidaka. Wiki 3 zilipita kabla sijauacha ukuta, na miezi 3 mingine kabla sijaweza kuuzunguka uwanja wote bila kuteremka.

Hapo ndipo nilipoanza kukitazama kilima.

Kutoka upande wa chini wa mtaa wetu kuna njia ya miguu yenye urefu wa mita 140, inayopanda kuelekea sokoni. Magari hayapiti. Nikiwa mwalimu niliyezoea kuwafundisha wengine kupima, sikuweza kuipanda kabla sijaipima. Mnaweza kupima mwinuko wowote kwa ubao wa urefu wa mita 1 na chupa ya maji iliyolala: laza ubao hadi maji yatulie sawa, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ncha ya pili na ardhi. Ikiwa ni sentimita 12, mwinuko ni asilimia 12. Mwanzo wa njia yetu ni asilimia 12. Katikati ni 18. Kwenye kona iliyo karibu na mwembe, kwa mita 15 hivi, ni asilimia 28. Barabara ya Baldwin Street, iliyoko mji wa Dunedin katika Nyuzilandi, inatambuliwa duniani kuwa barabara kali kuliko zote za mjini, nayo hufikia asilimia 35. Kona yetu haiko mbali sana na sifa hiyo, ila kwetu hakuna aliyefikiri kwamba ni sifa.

Ruhusuni kidogo hesabu, maana bila hesabu hamtaelewa kilichonipata pale kwenye kona. Mimi nina kilo 70, chombo kina kilo 6. Katika mwinuko wa asilimia 28, sehemu ya uzito huo inayonivuta kurudi nyuma ni sawa na kilo 20 hivi. Gurudumu langu ni la inchi 24, yaani kutoka kitovuni hadi ukingoni ni sentimita 30. Mkono wa pedali ni sentimita 15, nusu yake. Basi mguu sharti utoe nguvu mara mbili: kilo 40. Lakini mguu hausukumi vema katika mzunguko wote. Husukuma vema pedali inapokuwa mbele. Pedali moja inapokuwa juu kabisa na nyingine chini kabisa, hakuna mguu wenye nguvu, na chombo huponea mwendo kilioupata katika nusu mzunguko uliotangulia. Ili wastani uwe kilo 40, kila mkanyago hudai zaidi ya kilo 60. Nami nina 70. Maana yake, pale kwenye kona karibu mwili wangu wote husimama juu ya mguu mmoja, kisha juu ya mwingine, bila kituo. Mwinuko ukipita asilimia 30, hata mwili wote hautoshi. Hapo mkono hushika kishikio kilicho mbele ya kiti na kukivuta juu, ili mguu ukandamize kuliko uzito wa mwenyewe. Wenye kinga za gia huteremsha gia. Mwenye gurudumu moja hana cha kuteremsha.

Siku ya kwanza nilipanda mita 20. Baada ya mwezi mmoja nilifika 60. Baada ya miezi 4 nilifika kwenye kona, na hapo niliganda. Kila jioni nilifika kwenye kona, na kila jioni kona ilinirudisha. Kuanguka wakati wa kupanda hakuumizi sana: mwendo ni wa polepole, gurudumu husimama, nawe huweka mguu chini nyuma yake kama mtu anayeshuka ngazi. Linaloumiza ni jambo jingine. Ukishateremka mahali penye mwinuko mkali, huwezi kupanda tena juu ya chombo mahali hapo hapo. Unapoweka mguu wa kwanza kwenye pedali, gurudumu hukimbia kurudi chini. Mafundi hukiweka kikingamana na njia, wakaruka juu na kugeuka ghafula. Mimi si fundi wa kiasi hicho. Kwa hiyo kila nilipoteremka kwenye kona nililazimika kukibeba chombo hadi chini kwenye tambarare, nikaanza upya. Niliandika hesabu kwenye daftari. Katika miezi 5 niliteremka mahali palepale, kati ya mwembe na ukuta wa tofali, mara 93.

Njia ile haikuwa yangu peke yangu. Mnajua ni nani huitumia tangu alfajiri: mama zetu wabeba mizigo. Maboti huleta maharagwe, mihogo, ndizi na makala kutoka Idjwi na Kalehe hadi ufukweni, na kutoka ufukweni akina mama huyapandisha magunia hadi sokoni, mkanda kwenye paji la uso, gunia mgongoni, mwili umeinama hata macho yanaona vidole vya miguu tu. Gunia la kilo 50 kwao ni gunia la kawaida. Malipo ni faranga chache, na siku yenye mvua njia ya udongo huwa kama sabuni.

Mmoja wao, mama jirani yetu mwenye umri kama wangu, alikuwa akinipita mara kwa mara pale kwenye kona nikiwa nimeshikilia chombo changu na kuhema. Alinisalimu daima bila kuinua kichwa, kwa sababu kichwa kilikuwa kimefungwa na mzigo. Siku moja, akiwa anashuka mikono mitupu, alisimama akakitazama chombo kwa utulivu.

“Mwalimu,” aliniuliza, “ukifika juu, unakuwa umebeba nini?”

“Sijabeba kitu, mama.”

“Sasa unapandia nini?”

Aliuliza bila dhihaka, kama mtu anayetaka kujua kweli. Nilimwambia kwamba napenda, na kwamba daktari anasema ni vizuri kwa moyo. Alitikisa kichwa kwa adabu, akaenda zake. Nami nilibaki na swali lile kwa siku nyingi. Nikikanyaga, nalisikia. Mtu mwenye tumbo lililoshiba anatafuta ugumu juu ya kilima ambako mwenzake anauawa na ugumu huo huo asioutafuta. Je, mchezo wa namna hiyo ni halali? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nikipanda kila jioni kando ya magunia halisi, na machoni pangu yalikuwa kama ya usufi.

Sikukiacha chombo. Nawaambieni hivi wazi, kwa sababu wengine wenu mngetarajia niseme kwamba nilitubu nikakirudisha kwenye lundo la vyuma. Badala yake nilianza kuwatazama akina mama wakipanda, kwa jicho la mtu ambaye naye amekwama mahali palepale. Nikaona kitu ambacho nilikuwa nikikiona miaka yote bila kukiona. Hawakimbii mwanzoni. Hatua zao ni fupi tangu tambarare, nazo hazibadiliki. Husimama kupumzika kabla ya kona, mahali palipo na ukuta mfupi, wakiegemeza gunia kwa nyuma bila kulitua. Lakini baada ya kuingia kwenye kona hakuna hata mmoja anayesimama, hata kama pumzi imekwisha, hata kama mguu unatetemeka.

Nilimwuliza mama yule sababu.

“Hapo ndipo pumzi huniishia kila siku, Mwalimu,” alinijibu. “Lakini nikitua, ni nani atanitwika?”

Vijana wapendwa, jibu lile lilikuwa hesabu yangu yote kwa maneno machache. Gunia la kilo 50 likiwekwa chini halirudi mgongoni bila mtu wa pili wa kuliinua. Gurudumu langu nalo, nikishateremka penye mwinuko, halikubali kupandwa tena. Sisi sote wawili tulipita kona ile kwa sheria moja: maandalizi hufanyika kabla, na ndani ya kona hakuna kusimama. Lakini tulitofautiana katika jambo moja kubwa. Mimi nikishindwa, naweka mguu chini, nacheka, narudi nyumbani kula. Yeye akishindwa, gunia linabingirika hadi chini, maharagwe yanamwagika, na bei yake anadaiwa yeye.

Ndipo nilipofikiri juu ya zile mara 93. Hakuna mtu katika mtaa wetu aliyelijua eneo lile la mita 15 kama mimi na akina mama. Nilijua jiwe gani linatikisika, mahali gani maji ya mvua hukata udongo, na mahali gani hasa mguu hukosa nguvu: hatua 9 baada ya mwembe. Huko Kanada yuko Kris Holm, mmoja wa waliotangulia kukipeleka chombo hiki milimani, na kwa kazi yake ni mwanajiolojia anayechunguza hatari za maporomoko ya ardhi. Sikushangaa niliposoma hivyo. Anayeanguka mara nyingi mahali pamoja, mwisho hulazimika kuitazama ardhi yenyewe.

Nililipeleka wazo kwa vijana wa kundi letu: tujenge, hatua 9 baada ya mwembe, benchi la mawe lililo refu kuliko benchi la kukalia, ili mama aligeukie kwa mgongo, akunje magoti kidogo, gunia liketi juu ya mawe bila kufika chini, naye apumue. Akitaka kuendelea, anajiweka tena mkanda kwenye paji la uso na kunyosha magoti. Hapo hahitaji mtu wa kumtwika.

Tulimwomba ruhusa mkuu wa avenue, naye aliikubali kwa sharti moja la busara: tusizibe mfereji. Mnajua mmomonyoko wa udongo ulivyokula nyumba katika mji huu. Jiwe moja likiwekwa vibaya huyageuza maji kuelekea kwenye ukuta wa jirani. Kwa hiyo tuliacha nafasi ya maji nyuma ya benchi. Juu ya urefu, vijana walibishana: huyu anasema sentimita 60, yule anasema mita 1. Msichana mmoja wa kundi akawauliza kwa nini hatuwaulizi wenyewe. Basi Jumamosi asubuhi akina mama 6 walisimama wamebeba magunia yao, nasi tukapima kutoka chini ya gunia hadi ardhini, wakiwa wamekunja magoti. Wastani ulikuwa sentimita 78. Tulijenga 78. Kazi ilichukua Jumamosi 3, mifuko 4 ya saruji iliyochangwa nyumba kwa nyumba, na mawe meusi ambayo vijana 11 waliyabeba wenyewe kutoka chini. Nadhani kubeba mawe yale kuliwafundisha kuliko maneno yangu yote. Kijana mmoja, mwenye mabega ya mcheza mpira, alifika kwenye kona na jiwe lake, akakaa chini, akasema kwa sauti ndogo: “Kumbe.”

Benchi halikubadilisha bei ya kubeba gunia, wala halikuisawazisha njia, siwadanganyi. Mama aliyebeba kilo 50 jana anabeba kilo 50 leo. Hata hivyo anapumua mahali ambapo zamani hakupumua. Wazee waendao Misa ya asubuhi nao huketi hapo pembeni, na watoto wa shule hukaa wakitazama ziwa. Watu wamelipa jina rahisi: Kituo.

Mnauliza kama niliipita kona? Ndiyo. Ilikuwa asubuhi moja ya kiangazi, mwezi wa Julai, udongo ukiwa mkavu na mgumu. Sikufanya jambo jipya la ajabu; nilifanya walivyofanya akina mama. Nilipumzika kabla, pale kwenye ukuta mfupi, nimeegemea bila kuteremka. Niliingia kwenye kona polepole kuliko nilivyozoea, kifua mbele, mkono wa kulia umevuta kishikio, na sikuhesabu mita bali nusu mizunguko: huu, na huu, na huu. Hatua 9 baada ya mwembe, gurudumu lilikaribia kusimama pedali zikiwa wima, mahali pale pasipo na nguvu. Zamani hapo ndipo nilipokata tamaa, nikaweka mguu chini kabla ya kuanguka. Safari hii nilingoja. Kungoja huko hakukupita nukta moja, kisha mwili ulielemea mbele, pedali ikapita, nami nikapita. Juu hapakuwa na mtu ila mtoto aliyekuwa akipeperusha mfuko wa plastiki kwa uzi. Aliniuliza kama naweza kumpa naye apande.

Sasa nirudie swali la mama: ukifika juu, unakuwa umebeba nini? Nimelifikiri kwa miaka, na jibu langu lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kwamba mchezo hauhitaji kuomba radhi kwa sababu tu maisha ni magumu. Watu wa mji wetu wana haki ya kufanya jambo zuri lisilo na faida: kuimba, kucheza mpira, kusawazika juu ya gurudumu moja. Anayewaambia vijana wa Kadutu kwamba furaha ni ya wale waliokwisha kula tu, anawapunguzia utu wao. Hata akina mama wale huimba wakishuka, nami sijawahi kusikia mtu akiwauliza faida ya wimbo.

Sehemu ya pili ni kwamba hakuna mchezo unaochezwa mahali patupu. Uwanja wako wa mpira ni njia ya mtu kwenda kisimani. Kilima changu cha mazoezi ni kiwanda cha mama jirani. Anayecheza akiwa amefumba macho anawakanyaga wengine. Anayecheza akiwa amefumbua macho, mchezo wenyewe humwonyesha mahali wenzake wanapoishiwa pumzi. Mimi kona ile ilinishinda mara 93, na kwa kushindwa huko nilijua mahali pa kuweka jiwe. Kama ningaliipita siku ya kwanza, ningaliisahau siku ya pili.

Kwa wale watakaotaka kujaribu chombo hiki, na najua mko, maneno machache ya mwalimu. Anzeni kando ya ukuta, si kilimani. Vaeni viatu vilivyofungwa, na kofia ngumu ya pikipiki kama ipo. Jifunzeni kupanda kabla ya kushuka, maana kushuka bila breki huvunja magoti: uzito wote ule uliousukuma juu hukusukuma wewe chini, na miguu peke yake ndiyo inayouzuia. Msipande siku ya mvua. Na saa za alfajiri, mizigo inapopita, teremkeni mwachie njia anayebeba. Yeye hawezi kusimama, ninyi mnaweza.

Mkikutana katika makundi yenu wiki hii, jaribuni kujibizana juu ya maswali haya:

1. Ni mahali gani katika mtaa wenu ambapo watu huishiwa pumzi kila siku, na mmepapita bila kupaona?

2. Ni mchezo gani au kipaji gani mlicho nacho ambacho kimewafundisha kuijua ardhi au kazi ya wengine?

3. Mkitaka kumpunguzia mtu mzigo, je, mmemwuliza yeye mwenyewe urefu wa benchi?

Swali la tatu msiliharakishe. Sisi tulikuwa tayari kuchanganya saruji kabla msichana yule hajanena.